Usinionyeshe ua, nionyeshe jani

Leo naziacha seva na hifadhidata kidogo, natoka nje ya mji. Msikimbie lakini, kompyuta zitaingia tu. Kwangu huwa haziko mbali.

Kila mvua za masika zikikolea, naanza kutumiwa picha kwenye WhatsApp. Watu wakishajua wewe ni mtu wa kompyuta, wanakuhesabia kila kitu kinachopita ndani ya simu, kuanzia printa iliyokwama hadi magugu. Na picha yenyewe huwa ni ile ile: ua moja, limesogelewa mpaka limejaza kioo, nyuma yake ukungu mtupu. Limepigwa kando ya barabara ya Narok, au Nyahururu, au njia ya kwenda Busia. Swali nalo ni lile lile: "Hili ni gani? Simu imesema ni fulani, asilimia tisini na kitu."

Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana aanze kujiandaa. Kwa mimea inayofanana ya kando ya barabara zetu, picha ya ua peke yake ni ushahidi dhaifu kuliko wote, na simu zinatuzoesha kuutegemea huo huo. Kwa lugha ya kazini kwetu: rangi ya ua si ufunguo msingi wa jedwali. Ni safu tu, tena safu ambayo thamani zake zinajirudia kila mahali. Nyeupe, njano, zambarau, basi. Ukiitumia kutafuta rekodi moja utarudishiwa mia, halafu utachagua ile ya juu kwa sababu umechoka.

(Najua mwanafunzi wa botania ataruka hapa kuniambia kwamba Linnaeus mwenyewe aliipanga mimea kwa kutumia maua. Kweli. Lakini Linnaeus alihesabu viungo vilivyo ndani ya ua, stameni na pistili, moja moja. Hakusimamisha farasi, akatazama rangi, akaendelea na safari.)

Chukua maua meupe madogo. Simama popote katika nyanda za juu baada ya mvua, karibu na mtaro wa barabara, na bila kusogea hatua kumi utapata mimea mitatu yenye viua vyeupe vinavyotaka kufanana. Wa kwanza ni ule ambao Waswahili huuita kichoma mguu, kwa Kikuyu mũcege, na kwenye vitabu Bidens pilosa. Wa pili ni Galinsoga parviflora, ule wa kwenye mashamba ya mboga, mfupi na laini. Wa tatu ni Parthenium hysterophorus.

Mtu akiwa ndani ya matatu, yote mitatu ni "vile viua vyeupe". Tofauti ya gharama kati yake, hata hivyo, ni kubwa mno. Kichoma mguu kitakuganda kwenye suruali, utang'oa mbegu zake nyeusi kama sindano huku ukilalamika, na mambo yataishia hapo. Watu wengine hula majani yake machanga kama mboga. Galinsoga ni kero ya palizi tu, na pia hulishwa mifugo. Lakini Parthenium ina kemikali iitwayo parthenini. Mtu anayeishika mara kwa mara anaweza kupata mzio wa ngozi, muwasho na malengelenge yanayorudi kila akiikaribia tena, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Ng'ombe akiila, maziwa yanakuwa machungu. Ikishaingia malishoni inasukuma nyasi pembeni, kwa sababu kemikali hiyo hiyo huzuia mbegu za mimea mingine kuota. Na haipandwi na mtu. Inasafiri kwenye tope la magurudumu, kwenye changarawe na mchanga wa ujenzi, kwenye lori la mifugo. Ndiyo maana ukitaka kuiona unaanza barabarani, halafu mwaka unaofuata unaikuta ndani ya boma. Imeonekana hata katika eneo la Maasai Mara, ambako nyasi ndizo kila kitu.

Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Huku kwetu haina maadui wengi wa kuipunguza.

Sasa zitenganishe kwa maua. Galinsoga ina petali tano hivi, nyeupe, fupi, na ncha ya kila moja imekatika mara tatu kama kidole cha uma, katikati njano. Bidens ina petali pana zaidi, katikati njano pia, na wakati mwingine haina petali kabisa. Parthenium ina kichwa cheupe chote, kipana milimita chache tu, chenye pembe tano, na kwenye kila pembe kipetali kimoja kidogo sana. Umeona? Inawezekana. Lakini unahitaji lenzi, mkono usiotetemeka na upepo uliotulia, na barabara ya Narok haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Zitenganishe kwa majani, utaona mchezo umeisha. Galinsoga: majani mawili mawili yanatazamana kwenye shina, kila moja zima, lenye meno madogo pembeni. Bidens: yanatazamana pia, lakini jani moja limegawanyika vipande, kwa kawaida vitatu. Parthenium: majani yanapishana, moja huku, jingine kule, na kila moja limechanikachanika kama jani la karoti, lina vinyweleo laini, na shina lina mifereji inayopanda kwenda juu. Haya unayaona ukiwa umesimama wima, bila lenzi, hata ukiwa na miwani ya mtu mwingine.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha sana. Majirani zetu wa Tanzania wanaliita gugu karoti. Huko India, kwa Kihindi, wanaliita gajar ghas, yaani nyasi ya karoti. Watu wa mabara mawili, hawakuitana mkutano, hawakutumiana barua, na wote wamelipita ua wakachagua jani. Wakulima wamefanya kile ambacho watu wa kompyuta tunakiita kuchagua sifa, nao wamechagua vizuri kuliko kamera. Jina kichoma mguu nalo halitaji ua. Linataja mbegu. Watu waliozipa vitu majina walikuwa wanafanya kazi shambani, hawakuwa wanapiga picha za kuweka mtandaoni.

Lakini hoja yangu kubwa dhidi ya ua ni ya wakati. Parthenium huanza kama duara la majani lililolala chini, limejibandika ardhini, bila shina na bila ua lolote. Inaweza kuanza kuchanua wiki nne tu baada ya kuota ikipata unyevu, na mche mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu 15,000 au zaidi. Mbegu hizo hukaa ardhini miaka. Kwa hiyo wakati wa kuing'oa ni kabla haijachanua, mikono ikiwa ndani ya glavu. Ukingoja ua ndipo uitambue, umeingoja ikamilishe nusu ya kazi yake, na ukiing'oa ikiwa na mbegu unamsaidia kuzimwaga. Ua ni kama ile taarifa ya hitilafu inayofika kwenye barua pepe baada ya wateja kuanza kupiga simu. Ni ya kweli, imechelewa tu.

Swali: ni programu gani ya simu inayokusukuma upige picha ya duara la majani lililolala chini? Kamera inapenda ua, na mpigaji anapenda ua pia. Picha zilizopakiwa nyingi zinakuwa za maua, modeli inafunzwa kwa maua, inakuwa hodari wa maua, watu wanaona ni hodari, wanapakia maua zaidi. Mzunguko huo hautakatika wenyewe.

Niwe mwadilifu. Programu hizi si kitu kimoja. Pl@ntNet, mradi wa Wafaransa ulioanza mwaka 2009, hukuuliza picha yako ni ya jani, ua, tunda au gome, na unaweza kuweka picha kadhaa za mmea mmoja. Hilo ni wazo zuri na waliopuuza swali hilo ni sisi watumiaji. iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi huko Berkeley, Marekani, ina watu halisi wanaopiga kura juu ya jina, na haikubali rekodi kuwa ya kiwango cha utafiti mpaka zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wakubaliane. Nazitumia zote mbili na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya picha moja, jibu moja, asilimia moja, safari inaendelea.

Hiyo asilimia ndiyo inanikosesha usingizi, kwa sababu naijua inakotoka. Niieleze kwa mfano wa noti. Modeli nyingi za kutambua picha, zikifika hatua ya mwisho, zinafanya kitu kiitwacho softimaksi. Fikiria modeli imepewa shilingi mia moja, na sharti ni kuzigawa zote kwa majina yaliyo kwenye orodha yake. Haiwezi kubakisha hata shilingi. Ukiionyesha mmea ulio kwenye orodha, vizuri, utapewa fungu lake. Ukiionyesha mmea ambao haumo kabisa, shilingi mia bado lazima zigawanywe, na zinaenda kwa yule anayefanana naye kidogo. Kwenye kioo unaona "93". Unasoma "nina hakika asilimia 93". Ilichosema kwa kweli ni "kati ya hawa ninaowajua mimi, huyu ndiye amekaribia". Si uongo. Ni jibu la swali ambalo hukuliuliza.

Na orodha yenyewe imetengenezwa wapi? Picha nyingi zinazofunza modeli hizi zinatoka Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa sababu ndiko walioko watu wengi wanaozipakia. Sasa linganisha na tulicho nacho. Kitabu kikuu cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, Flora of Tropical East Africa, kilianza kuchapishwa mwaka 1952 kikamalizika 2012. Miaka 60. Kina spishi 12,104. Vielelezo vyenyewe, mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, viko katika Herbaria ya Afrika Mashariki hapo kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi. Mkusanyiko ulianzishwa Amani, Usambara, mwaka 1902, ukahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Yaani data ipo, imekusanywa kwa zaidi ya karne, iko kilomita chache kutoka ninapoandikia, na simu yangu inapendelea bustani ya mtu wa California.

Mfano wa pili, na huu unaumiza upande wa pili. Kuna Lantana camara, yule mgeni aliyeletwa kutoka Amerika kama ua la kupanda kwenye ua wa nyumba (samahani, Kiswahili chetu kimeamua mambo haya mawili yagawane neno), akaruka ua, sasa amejaa vichakani. Ana sumu inayoharibu ini la ng'ombe. Ng'ombe aliyemla hawezi kustahimili jua, ngozi inavimba na kubanduka sehemu zenye rangi nyeupe. Na kuna Lantana trifolia, ambaye matunda yake ya zambarau watoto wa vijijini huyachuma na kuyala wakitoka shule.

Kwa maua? Camara ana aina zenye maua ya pinki na njano, na trifolia ana maua ya pinki yenye njano katikati. Piga picha kwa juu, tuma, kila la heri. Kwa shina, mtoto wa darasa la pili anaweza: trifolia mara nyingi ana majani matatu kila pingili, ndiyo maana ya jina lake, na shina halina miiba. Camara ana majani mawili yanayotazamana, na shina la pembe nne ambalo mara nyingi lina miiba midogo iliyopinda. Matunda ya trifolia ni ya zambarau, yamepangwa kwenye kikonyo kinachorefuka. Ya camara yakiiva yanakuwa meusi ya kung'aa, kwenye kifungu kifupi.

Hapa kosa linakwenda pande mbili. Ukimwita camara kwa jina la trifolia, umemwachia mtoto matunda yasiyofaa. Ukimwita trifolia kwa jina la camara, kikundi cha vijana wa kusafisha barabara kinakuja na mapanga kumng'oa trifolia, huku camara amekaa mita mia mbele anacheka. Nimeona kazi ya namna hiyo ikifanyika, kwa nia njema kabisa, na orodha iliyochapishwa ikiwa na picha moja ya ua la pinki.

Maua ya njano nitayapita haraka maana yangetaka siku yake. Ukiwa Kakamega au Vihiga ukaona ukuta wa maua makubwa kama alizeti kando ya barabara, tazama kama jani limegawanyika vidole vitatu hadi vitano: hiyo ni Tithonia diversifolia, ambayo Waluhya huiita amalulu kwa uchungu wake (jina jingine lisilojali ua!) na ambayo wakulima huikata kuifanya mbolea, kwani majani yake makavu yana naitrojeni karibu asilimia 3.5. Jani la alizeti ya shamba halina vidole. Kuhusu zile za jamii ya Crotalaria, simu itakwambia "Crotalaria" nayo itakuwa sahihi, ila jina hilo linabeba mitoo ya kupika na pia ndugu zake wenye sumu ya ini. Jibu sahihi lisilomsaidia mpishi.

Haya, mtaniuliza, wewe fundi wa programu unataka nini badala yake?

Nataka kitu cha kizamani. Mwaka 1778 Mfaransa Lamarck alichapisha kitabu cha mimea ya Ufaransa kilichokuwa na mfumo wa maswali ya jozi: kama mmea una hiki nenda hapa, kama hauna nenda pale. Ni "kama... la sivyo..." tupu. Mti wa maamuzi, karibu karne mbili kabla ya kompyuta zetu. Vitabu vya mimea bado vinaandikwa hivyo mpaka leo, kikiwemo kile cha Agnew cha maua ya mwituni ya nyanda za juu za Kenya, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1974.

Sasa fanya hesabu tuliyofundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Kila swali la ndiyo au hapana likigawa orodha katikati, maswali 14 yanatosha spishi 16,384. Kitabu kizima cha Afrika Mashariki kingeingia ndani na nafasi ikabaki. Maswali halisi hayagawi sawasawa hivyo, najua, lakini hatuhitaji spishi zote. Tuchukue mimea 60 tu ya kando ya barabara, ile inayoonekana sana na ile ya hatari. Maswali 6, kwa hesabu ya karatasi. Ukiweka majibu manne kwa kila swali badala ya mawili, maswali 3. Tuseme yawe 8 kwa sababu dunia si karatasi.

Na maswali 8 ya maandishi yanaingia kwenye USSD, ile ya kubonyeza nyota na reli. Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Hakuna kamera, hakuna bando, hakuna simu ya elfu ishirini. Kabambe ya mchungaji inatosha. Ujumbe mmoja wa USSD hubeba herufi 182. Jaribu: "Majani yamekaaje kwenye shina? 1. Mawili yanatazamana 2. Moja moja, yanapishana 3. Matatu pamoja 4. Bado hakuna shina, yamelala chini". Haifiki 150. Na tazama jibu la nne: mfumo wenyewe unamkaribisha mtu kuuliza juu ya mmea ambao haujachanua. Hakuna kamera itakayomwalika hivyo.

Faida nyingine ni kwamba swali linamfundisha anayejibu. Mtu akishaulizwa mara tano kama majani yanatazamana au yanapishana, mara ya sita hahitaji simu. Programu ya picha, ukiitumia mara elfu, mara ya elfu moja na moja bado unaihitaji. Kibiashara hiyo ya pili ni nzuri zaidi, sibishi.

Mpangilio wa maswali una mtego mmoja, na wanaoandika msimbo watauelewa mara moja. Kuna vipimo vya bure na kuna vipimo vya gharama. Kutazama ni bure. Kuponda jani na kunusa ni kipimo kizuri sana kwa Tagetes minuta, mũbangi, ambayo harufu yake haikosewi, na ambayo nayo majani yake yamegawanyika kiasi cha kumchanganya mtu asiyezoea. Lakini ukimwambia mtu aponde jani kwa vidole kabla hujaondoa uwezekano wa Parthenium, umemshikisha kile unachomkinga nacho. Kwa hiyo swali la jani la karoti linakuja kwanza, swali la harufu linakuja baadaye, na kama jibu la kwanza ni ndiyo, la pili haliulizwi kabisa. Botania haikujali mpangilio huu kwa sababu mwanabotania ana glavu.

Na mwisho wa mti lazima kuwe na jani moja linalosema: "Haumo kwenye orodha yangu. Usiushike, mwulize afisa wa kilimo." Shilingi mia zibaki mfukoni.

Rafiki zangu wa upande wa mashine kujifunza wana jibu: subiri, modeli zinakua, picha za Afrika zitaongezeka, tatizo litakwisha. Nusu ya hilo nakubali. Orodha itaongezeka, hilo halina shaka, na kila mtu apakie picha zake, za majani tafadhali. Nusu ya pili sikubali, kwa sababu modeli haiwezi kusoma kisichokuwa ndani ya picha. Kama umekata ua ukaacha shina nje ya fremu, miiba haimo. Modeli ya mwaka 2040 nayo haitaiona. Itakisia kwa adabu zaidi tu.

Kama ni lazima utumie kamera, basi piga nne: jinsi majani yalivyokaa kwenye shina, upande wa chini wa jani, ua kwa ubavu na si kwa juu, na mbegu au tunda kama lipo. Weka sarafu ya shilingi pembeni nipate kujua ukubwa. Ua kwa juu unaweza kujipigia mwenyewe, la kuweka kwenye hali ya WhatsApp.

Nimeshaandika maswali ya mimea 22 kwa Kiswahili, yanaendeshwa kwenye kompyuta yangu kwa faili moja dogo la maandishi. Maneno yametosha bila shida: kutazamana, kupishana, pingili, kikonyo, kinyweleo. Kilichobaki ni namba fupi ya USSD, ambayo ina ada yake kila mwezi, na mwenye kuilipa inafaa awe kaunti ambayo barabara zake zinaleta mbegu. Pwani sijaigusa. Mimea ya Kwale na Kilifi ni mingine, na majina yake ya Kimijikenda siyajui hata moja, kwa hiyo huko nahitaji mtu aliyekulia huko, anayejua ni majani gani mbuzi wake huyaruka.